Rouen, Bordeaux au Chicago: zipi ndizo mbio za kwanza za magari?

Ukitunga maswali ya chemsha bongo, ukiandaa somo la historia ya uvumbuzi, au ukitaka tu kumaliza ubishi wa kijiweni, kuna swali litakalokusumbua: mbio za kwanza za magari duniani zilifanyika wapi? Wengi watakujibu Paris hadi Rouen, 1894. Wengine watakuambia hapana, ni Paris–Bordeaux–Paris, 1895. Wamarekani nao wana Chicago yao, Novemba ya mwaka huohuo. Kila upande una hoja, ila hoja zenyewe hazipimi kitu kimoja. Nimezipanga hapa ubavu kwa ubavu ili ukichagua, ujue umechagua nini. Nina chaguo langu, na sitalificha.

| | Paris–Rouen | Paris–Bordeaux–Paris | Chicago–Evanston–Chicago |
|---|---|---|---|
| Tarehe | 22 Julai 1894 | 11–13 Juni 1895 | 28 Novemba 1895 |
| Mwandaaji | Gazeti la Le Petit Journal | Kamati ya wapenda magari wa Paris | Gazeti la Chicago Times-Herald |
| Umbali | km 126 | km 1,178 | maili 54 (km 87 hivi) |
| Walioondoka | 21 | Zaidi ya 20 | 6 |
| Waliofika | 17 | 9 | 2 |
| Wa kwanza kufika | Jules-Albert de Dion | Émile Levassor | Frank Duryea |
| Zawadi ya kwanza | Panhard et Levassor na Peugeot, waligawana | Paul Koechlin | Frank Duryea |

Tazama mistari miwili ya mwisho. Kwa Wafaransa, mara zote mbili, aliyefika wa kwanza siye aliyepewa zawadi ya kwanza. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Rouen na Bordeaux wenye visu walibaki kuwatazama wengine wakila. Ubishi wote umejificha humo, na ukishaelewa kwa nini kila mmoja alinyimwa, umefika karibu sana na jibu.

Rouen: mtihani ambao watahiniwa waliugeuza mbio

Safari ya Rouen ilibuniwa na Pierre Giffard, mhariri wa Le Petit Journal. Bwana huyu alijua kwamba mashindano huuza magazeti. Mwaka 1891 alikuwa ameandaa mbio za baiskeli kutoka Paris hadi Brest na kurudi, kilomita 1,200 hivi, na Charles Terront akazishinda kwa saa 71 na dakika 22. Kulikuwa na gari moja la Peugeot lililofuatana na mbio hizo, na kweli lilifuata: madereva wake, Auguste Doriot na Louis Rigoulot, hawakumpata Terront. Yashike majina hayo mawili, na hizo saa 71 pia. Tutazihitaji.

Miaka mitatu baadaye Giffard akatangaza shindano la magari yasiyovutwa na farasi. Ada ya kujiandikisha ilikuwa faranga 10, na waliojiandikisha walifika 102. Orodha yao ni burudani tosha. Wapo waliodai gari lao lingesukumwa kwa hewa iliyobanwa, wapo waliotegemea mvuto wa dunia, wapo hata waliosema uzito wa abiria wenyewe ungetosha kulisogeza. Siku za majaribio zilipofika ndoto hizo ziliyeyuka, na asubuhi ya tarehe 22 Julai magari 21 ndiyo yaliyojipanga Porte Maillot, jijini Paris, yote ya mvuke au ya petroli.

Sasa soma masharti. Zawadi kuu, faranga 5,000, haikuahidiwa kwa mwenye kasi. Iliahidiwa kwa gari lisilo na hatari, rahisi kuliongoza, na lisilogharimu sana njiani. Magari yaliondoka kuanzia saa 2 asubuhi, moja baada ya jingine kwa kupishana nusu dakika. Mchana wakasimama mjini Mantes kula, na hawakula kwa haraka: mapumziko yalikuwa ya saa moja na nusu. Kisha wakaendelea hadi Rouen.

Wa kwanza kuingia Rouen alikuwa de Dion, mtu wa ukoo wa kikabaila mwenye mapenzi makubwa na mitambo. Chombo chake kilikuwa trekta la mvuke lililokokota kigari cha abiria kilichoondolewa magurudumu ya mbele. Alitumia saa 6 na dakika 48, karibu kilomita 19 kwa saa. Nyuma yake, kwa dakika tatu na nusu tu, akaja Georges Lemaître na Peugeot ya petroli, kisha Doriot yuleyule wa Brest, naye na Peugeot.

Waamuzi walimpa de Dion zawadi ya pili, faranga 2,000. Sababu yao ilikuwa nyepesi: trekta lake lilihitaji mtu wa pili wa kuchochea moto wa boila, kwa hiyo halikuwa chombo ambacho mtu wa kawaida angelichukua aende nalo matembezini. Zawadi ya kwanza ikagawanywa kati ya Peugeot na Panhard et Levassor.

Hapa mimi nasimama na waamuzi. Waliulizwa gari lipi linafaa, wakajibu gari lipi linafaa. Anayesema de Dion alidhulumiwa anasahihisha mtihani wa hesabu kwa kuangalia mwandiko. Lakini hapohapo ndipo Rouen inapopoteza sifa ya kuwa mbio: saa ilipimwa, ikaandikwa, halafu haikuamua lolote. Kweli, madereva wenyewe walikimbizana, na kuna simulizi mashuhuri ya trekta la de Dion kuingia katika shamba la viazi baada ya kukosea njia. Watu wazima wakipewa barabara moja na mashine zenye nguvu, watakimbizana tu, hata wakiwa wamealikwa kwa chakula cha mchana. Hilo halitoshi kubadili masharti.

Kuna jambo jingine la Rouen ambalo watu hulipita haraka. Kampuni zote mbili zilizogawana zawadi zilikuwa za Kifaransa, lakini injini zao zilikuwa za Daimler, Mjerumani. Njia ya injini hiyo kuvuka mpaka ilipita mikononi mwa mwanamke mmoja. Wakili Édouard Sarazin ndiye aliyekuwa na makubaliano na Gottlieb Daimler kuhusu Ufaransa. Alipofariki mwaka 1887, mjane wake Louise akayaendeleza mazungumzo na Daimler mpaka haki ile ikathibitika. Mwaka 1890 akaolewa na Émile Levassor, na haki ya kutengeneza injini ikaingia Panhard et Levassor, kiwanda kilichokuwa kikijulikana kwa mashine za kupasulia mbao. Peugeot wakawa wananunua injini hapo. Ukiandaa somo la jinsi uvumbuzi unavyosafiri, huu mstari mmoja wa Daimler, Louise Sarazin na Levassor una thamani kuliko msimamo mzima wa Rouen.

Bordeaux: saa inapoanza kuamua

Baada ya Rouen, de Dion na wenzake wakaunda kamati ya kuandaa jambo kubwa zaidi. Fedha zilichangwa na matajiri, akiwamo baron Étienne van Zuylen na Mmarekani James Gordon Bennett, mwenye gazeti la New York Herald. Mwaka huohuo wa 1895 kundi hilo likazaa Automobile Club de France, yaani klabu ya magari ya Ufaransa. Safari ilikuwa ya kwenda Bordeaux na kurudi, kilomita 1,178, bila kulala hotelini na bila chakula cha mchana cha saa moja na nusu. Dereva aliruhusiwa kubadilishwa njiani. Muda wa mwisho ulikuwa saa 100. Sharti moja tu lingewaudhi watu baadaye: zawadi ya kwanza ilitengwa kwa gari lenye zaidi ya viti viwili.

Levassor aliondoka na gari la viti viwili.

Mengi yameandikwa juu ya alichokifanya, na kwa mara moja sifa hazijazidi. Gari lake lilikuwa na injini ya nguvu farasi 4 hivi, magurudumu ya mpira mgumu usiojazwa upepo, na mkono wa kuongozea badala ya usukani wa duara. Taa zilikuwa za kuhesabu. Alipanga kumwachia dereva mwenzake gari katika mji wa Ruffec, lakini alifika huko usiku, mapema kuliko mtu yeyote alivyotarajia, na mwenzake alikuwa bado amelala. Levassor hakumsubiri. Asubuhi ya tarehe 12 alikuwa Bordeaux, akageuza, na njiani akawa anapishana na wapinzani waliokuwa bado wanakwenda. Alirudi Paris baada ya saa 48 na dakika 48, akiwa ameendesha karibu njia nzima mwenyewe, kwa wastani wa kilomita 24 kwa saa. Wa pili, Rigoulot, alifika karibu saa 6 baadaye. Wa tatu, Paul Koechlin, saa 11 baada ya Levassor.

Koechlin ndiye aliyekuwa na gari la viti vinne. Faranga 31,500 zikawa zake.

Sasa rudi kwa Terront na saa zake 71. Umbali ni karibu uleule, barabara ni za nchi ileile. Mwaka 1891 gari halikuweza kuandamana na baiskeli. Mwaka 1895 lilikuwa mbele yake kwa zaidi ya saa 22. Na Rigoulot, yule aliyeachwa na baiskeli njia ya Brest, safari hii naye alimaliza chini ya saa za Terront. Sijui takwimu nyingine inayoonyesha kwa ufupi namna hiyo kilichotokea katika miaka ile minne.

Linganisha pia injini. Rouen, wa kwanza kufika alikuwa wa mvuke. Bordeaux, miezi 11 baadaye, waliomaliza ndani ya muda walikuwa 9: wanane wa petroli, na wa tisa, wa mwisho, basi la mvuke la Amédée Bollée liitwalo La Nouvelle. Gari la umeme la Jeantaud halikumaliza. Mvuke haukufa siku hiyo, lakini mwenye fedha za kununua gari alishaona upepo unavumia wapi.

Halafu kuna akina Michelin. Ndugu André na Édouard waliingia na Peugeot iliyovalishwa matairi ya upepo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelijaribu kwenye gari katika mbio. Walibeba tyubu 22 za akiba, zikaisha zote. Pancha, kuvua, kuziba, kuvalisha, kujaza, pancha tena. Walifika muda ukiwa umekwisha na hawakuhesabiwa. Ila ukitazama chini ya gari lolote leo, utaona ni nani aliyekuwa sahihi. Kwa ladha yangu, hiki ndicho kisa bora kuliko vyote katika mbio hizi, na ukiwa na dakika tano tu za kusimulia, mwache hata Levassor usimulie hiki.

Wanaoikataa Bordeaux wana hoja moja nzito: mbio gani hizo ambazo wa tatu ndiye mshindi? Jibu langu ni kwamba sharti la viti liliamua nani anastahili zawadi kuu, na baada ya hapo saa ndiyo iliyosema. Koechlin hakupewa fedha kwa sababu gari lake lilikuwa zuri au la bei nafuu. Alipewa kwa sababu miongoni mwa waliotimiza sharti, yeye alitangulia. Rouen hakuna hesabu ya namna hiyo. Waliokulia na Safari Rally, ile iliyoanza mwaka 1953 ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, hawatalishangaa hili: huko magari huondoka kwa kupishana, magari hugawanywa katika madaraja, kila daraja na mshindi wake, na hakuna anayesema si mbio.

Bordeaux ina pia muhuri wa taasisi. Automobile Club de France, ilipokuja kupanga orodha ya mbio zake kubwa, iliirudisha Paris–Bordeaux–Paris nyuma na kuifanya namba moja, ingawa mbio za kwanza zilizoitwa Grand Prix tangu siku ya kuandaliwa kwake zilikuwa za Le Mans, 1906, alizoshinda Ferenc Szisz na Renault. Muhuri huo una upendeleo wa wazi, kwa kuwa klabu ilizaliwa na kamati ileile. Lakini upo.

Chicago: ndogo, ya baridi, na safi

Chicago ingestahili nafasi kubwa zaidi katika masimulizi kuliko inayopewa. Mchapishaji H. H. Kohlsaat wa Times-Herald alipanga mbio ziwe tarehe 2 Novemba, lakini magari yaliyokuwa tayari yalikuwa machache mno, akaahirisha hadi Sikukuu ya Shukrani. Theluji ikaanguka. Siku ya tarehe 28 yalijitokeza sita: la Duryea lililotengenezwa Marekani, matatu ya Benz kutoka Ujerumani, na mawili ya umeme. Ya umeme hayakufika mbali katika baridi ile.

Frank Duryea aliondoka saa 3 kasoro dakika 5 asubuhi. Njiani kifaa cha kuongozea gari kikavunjika, akalipeleka kwa mhunzi kukitengeneza, akarudi barabarani. Aliingia saa 1 na dakika 18 usiku. Mwingine aliyemaliza ni Benz ya Oscar Mueller, ila Mueller mwenyewe alizimia kwa baridi na uchovu, na mwamuzi aliyekuwa amepanda naye, Charles Brady King, ndiye aliyeliendesha gari hadi mwisho. King huyu baadaye alitengeneza gari lake mwenyewe mjini Detroit.

Duryea akapewa dola 2,000. Yaani kati ya tatu hizi, Chicago pekee ndiko aliyefika wa kwanza alikolipwa wa kwanza. Hata hivyo waamuzi wa huko nao walipima mambo mengine: moja la yale ya umeme, Electrobat, lilitunukiwa medali ya dhahabu kwa ubora wa muundo bila kumaliza njia. Matunda ya mbio hizo yalionekana haraka. Mwaka 1896 kampuni ya ndugu wa Duryea ikatengeneza magari 13 ya muundo mmoja, na hapo ndipo wengi wanapohesabia mwanzo wa biashara ya magari ya petroli Marekani.

Tatizo la Chicago ni kalenda tu. Imechelewa miezi mitano.

Wanaojipenyeza kwenye ubishi

Atatokea mtu na 1878. Ana haki ya kusikilizwa: jimbo la Wisconsin liliahidi dola 10,000 kwa mashine itakayochukua nafasi ya farasi, na mashine mbili za mvuke, Oshkosh na Green Bay, zikashindana kutoka Green Bay hadi Madison, maili 201. Oshkosh ilimaliza kwa saa 33 na dakika 27, na jimbo likalipa nusu tu ya ahadi. Ukikubali kwamba lile dude lilikuwa gari, kazi yote niliyoifanya hapa imeharibika. Mimi naliona kama trekta la shambani lililotoka matembezi, na sharti lilikuwa kuthibitisha kazi kuliko kasi. Na atatokea mwingine na 1887, jaribio la kilomita 2 jijini Paris ambalo Georges Bouton alishinda. Mwulize Bouton alimshinda nani. Alikuwa peke yake.

Uchague ipi?

Kwa chemsha bongo, usiulize "mbio za kwanza" bila kuongeza neno. Uliza "shindano la kwanza la magari" na jibu liwe Paris–Rouen. Uliza "mbio za kwanza zilizoamuliwa kwa muda" na jibu liwe Paris–Bordeaux–Paris. Uliza "mbio za kwanza za magari ya petroli Marekani" na jibu liwe Chicago. Na ukiuliza nani alishinda Bordeaux, kubali majina yote mawili au jiandae kwa kelele.

Mwalimu anayefundisha teknolojia nampeleka Rouen. Pale kuna mvuke na petroli barabara moja, kuna orodha ya ndoto zilizoshindwa, na kuna swali ambalo wanafunzi watalibishania hadi kengele ilie: je, de Dion alistahili?

Mwandishi wa kipindi au makala ya kusimulia achague Bordeaux kama ana nafasi, na Chicago kama hana. Bordeaux ina watu wengi, usiku mbili na akina Michelin. Ukiibana katika dakika tatu inabaki takwimu. Chicago ina theluji, magari sita na mtu aliyezimia, na mwanzo na mwisho wake ni siku moja.

Nikilazimishwa neno moja, nasema Bordeaux. Kipimo changu ni kwamba mbio ni mahali ambapo anayechelewa kwa dakika moja amepoteza kitu, na kabla ya Juni 1895 sioni barabara ambayo magari kadhaa yaliwekewa sharti hilo. Asiyekikubali kipimo hicho abaki na Rouen, ila katika sentensi hiyohiyo awataje Peugeot na Panhard et Levassor pamoja na de Dion, kwa kuwa Rouen bila uamuzi wa waamuzi wake ni nusu ya habari.